Imechoka au Imefungwa?

Jumamosi moja ya mvua, katika chumba kimoja cha komini ya Makiso, wanafunzi kumi wa fakulti mbili walikaa mbele ya kompyuta kumi, watano huku na watano kule, wakicheza Counter-Strike. Intaneti haikuhitajika: kompyuta ziliunganishwa kwa nyaya kwenye kisanduku kimoja katikati ya meza, na jenereta ndogo nje ya dirisha ililisha kisanduku hicho pamoja na taa mbili. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kompyuta zenyewe, zote za kubebeka, kila moja iliishi kwa betri yake. Mimi nilikwenda kushangilia, si kucheza, maana nikicheza hupigwa risasi kabla sijajua mlango uko wapi.

Upande wetu tulimtegemea mtu mmoja. Kompyuta yake alitumiwa na mjomba wake kutoka Brussels, na mle chumbani hapakuwa na iliyo bora kuliko hiyo. Lakini kwenye pembe ya kioo, pale mchezo unapoandika idadi ya picha unazochora kwa sekunde, ilisomeka 30. Jirani yake, mwenye mashini kuukuu iliyofungwa kwa utepe wa gundi, alikuwa na 70 na zaidi.

Kwa msomaji asiyecheza, maneno machache. Kinachoonekana kusogea kwenye kioo ni picha zilizotulia zinazofuatana haraka. Sinema hutumia picha 24 kwa sekunde na hakuna anayelalamika, kwa sababu sinema haikungojei ujibu. Mchezo wa mashindano hukungojea. Kwa picha 30, habari mpya inakufikia kila baada ya milisekunde 33. Kwa 60, karibu 17. Kwa 144, karibu 7. Adui akichungulia pembeni mwa ukuta, mwenye 30 anamwona akiwa amechelewa, na mkono wake kwenye kipanya unajisikia kama unasukuma kitu ndani ya maji.

Rafiki yetu alikuwa na maelezo yake. «Mashini imechoka,» alisema. Si yeye aliyeyatunga. Wiki mbili kabla, fundi mmoja alimwambia hayo hayo na kumshauri aongeze bareti ya pili ya kumbukumbu. Aliinunua kwa dola 45, pesa ambayo kwa mwanafunzi wa hapa ni kodi ya chumba na mikate ya siku nyingi. Jioni ile ile akawasha mchezo, akiwa kwa betri kama kawaida ya jioni za mtaani kwake: 30. Akarudi kwa fundi, naye akamjibu kwamba basi imechoka zaidi ya alivyodhani.

Katikati ya mapumziko alikuja dada mmoja wa mwaka wa pili, wa upande wa wapinzani wetu, akasimama nyuma ya kiti chake na kuangalia ile namba kwa muda. Kisha akasema: «Kaka, hii haijachoka. Imefungwa. Namba haisogei.»

Tangu siku hiyo sentensi yake haijaniondoka kichwani, na ndiyo sababu ya makala haya. Sisi wa fakulti ya lugha tumejifunza tofauti ya *kuvunjwa* na *kuvunjika* kwa mifano ya vikombe. Kikombe kimevunjwa: kuna mtu aliyekivunja, hata kama hatajwi. Kikombe kimevunjika: hali tu, hakuna anayeulizwa. Tunaandika hayo kwenye daftari, tunajibu swali la mtihani, tunasahau. Dada yule, ambaye hasomi lugha, alitumia kanuni ile ile kutibu kompyuta. *Kuchoka* na *kukwama* ni vitenzi visivyo na mtenda nyuma yake. Ukisema mashini imechoka, swali linalofuata ni bei ya mashini mpya. Ukisema imefungwa, kile kiambishi kidogo *-w-* kinakulazimisha kuuliza: na nani?

Na kweli kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Mashini dhaifu haisimami kwenye namba moja. Inapanda hadi 48 ukitazama ukuta mtupu, inashuka hadi 22 moshi ukitanda na watu watano wakifyatua pamoja. Namba inayosimama wima kwenye 30 au 60, ukitazama ukuta au ukitazama vita, ni namba iliyowekwa. Hapo usitafute udhaifu, tafuta aliyeweka.

Wanaoweza kuweka si wengi. Kwanza ni mchezo wenyewe: katika Counter-Strike kuna amri iitwayo fps_max, ambayo ukiipa namba huo ndio mwisho, na ukiipa sifuri mwisho unaondoka. Valorant ina vikomo vinne tofauti katika orodha yake ya picha: cha wakati wa betri, cha wakati uko kwenye menyu, cha wakati umefungua dirisha jingine, na cha wakati wote. Pili ni kioo. Kioo cha kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na ukiwasha ile swichi inayoilazimisha kadi ya picha imsubiri kioo, hutavuka 60 hata kama kadi ina nguvu ya 200. Kuna mtego mwingine hapo: kwa utaratibu wa zamani wa kusubiriana, kadi ikichelewa kidogo tu kumaliza picha moja, inakosa zamu na kungoja zamu inayofuata, kwa hiyo mashini yenye uwezo wa 50 inaonyesha 30 kamili. Tatu ni programu ya kadi ya picha, ambayo kwenye kompyuta nyingi za kubebeka hupunguza picha mara tu unapochomoa waya wa umeme, ili betri idumu. Nne ni mfumo wa kompyuta wenyewe, ukiwa katika hali ya kubana matumizi ya nguvu.

Ya rafiki yetu ilikuwa ya tatu. Dada yule alifungua mipangilio, akaenda ukurasa wa betri, akaonyesha kwa kidole. Swichi ilikuwa imewashwa tangu kiwandani, na namba 30 imeandikwa pembeni yake kwa herufi ndogo. Aliizima. Mchezo ulipofunguliwa tena namba ikaanza kucheza: 81, 77, 90, 74. Bareti ya dola 45 haikuhusika kabisa.

Nimemuuliza rafiki yangu mara nyingi kwa nini hakuiona swichi hiyo. Jibu lake linapaswa kutuhangaisha sisi kuliko mafundi. Aliiona! Aliisoma pia, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, maana alibadilisha lugha akitafuta nuru. Kwa Kiingereza alikuta herufi FPS, na mtu wa michezo anajua kwamba herufi hizo hizo ni jina la aina nzima ya michezo ya kupiga risasi kwa macho ya mchezaji. Akadhani swichi inazuia michezo hiyo isifunguke kwa betri, na kwa kuwa yake ilifunguka, akaona haimhusu. Kwa Kifaransa alikuta IPS, picha kwa sekunde. Lakini IPS ni herufi zilizobandikwa pia kwenye boksi la kompyuta yake, ambapo ni jina la aina ya kioo. Akaona inazungumzia kioo. Mtu anayesoma lugha mbili za kigeni alikosea mara mbili, na hakukosea kwa ujinga. Alikosea kwa akili, akitumia alichokijua.

Nilipoeleza haya mbele ya mwalimu mmoja na kupendekeza lugha ya menyu za michezo kama somo la memwari, alitabasamu kwa upole na kusema mchezo si jambo la chuo. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Kama kijana angepoteza dola 45 kwa kutoelewa karatasi ya dawa, tungeita hilo tatizo la lugha na tungeitisha mkutano. Hapa tunaliita mchezo kwa sababu kitu kilichosomwa vibaya kilikuwa ndani ya mchezo. Swichi ile ile inakaa kwenye kompyuta ya mwenye duka la kuchapisha na ya muuguzi anayeandika ripoti. Mchezaji ndiye wa kwanza kuiona, kwa sababu yeye anahesabu milisekunde.

Wengine watasema kazi hii imeshafanywa Dar es Salaam. Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na leo simu na kompyuta nyingi zinakubali kuwekwa Kiswahili. Niliweka yangu kwa mwezi mzima. Nilijifunza kusema *mipangilio*, neno zuri, ambalo hapa Kisangani nililitumia mara tatu na mara tatu nikaulizwa ni nini. Mtaani kwetu watu husema «paramètres» na wanaelewana. Tumeshuhudia pia maneno yaliyotungwa mezani yakifa mezani: *ngamizi* iliwahi kupendekezwa kwa kompyuta, iko wapi? *Kipakatalishi* ina mantiki na inachekesha vizuri, lakini sijamsikia fundi hata mmoja wa soko letu akiitamka. *Barua pepe* imeishi, kwa sababu ni nyepesi mdomoni na anayeisikia mara ya kwanza anakisia maana yake.

Kwa hiyo siombi kamati ya kutunga maneno. Maneno yapo. Katika chumba kile cha Makiso niliona jambo ambalo wasomaji wa mji huu uliokaa kwenye mpaka wa lugha mbili hawatalishangaa: wakati wa kufyatuliana kelele zote zilikuwa Kilingala, lakini mashini ilipoleta shida maelezo yalirudi kwenye Kiswahili, kile chetu, chenye *ma-* ya wingi mbele ya kila kitu. Nilisikia «maimaji» kwa picha. Nilisikia «imekatwa juu», yaani imewekewa mwisho usiovukwa. Nilisikia «inapumua» kwa namba inayopanda na kushuka, na «imekauka» kwa namba isiyosogea. Hili la mwisho linanishinda kwa uzuri, ingawa ninalo neno dhidi yake: *imekauka* ni kama *imechoka*, haina mtenda, na fundi akilishika atauza bareti nyingine.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo, nadhani. Tukusanye kwanza, kisha tuchague kwa kuuliza kila neno linampeleka mtu kwenye hatua gani. Kiingereza kwenye ile swichi kinaweza kusomwa kama amri au kama jina, hujui. Kifaransa kinaweka kitenzi kisichonyambuliwa, hakina mtu ndani yake. Kiswahili hakikuruhusu ukae kimya hivyo. Ukitafsiri, lazima uamue: «Punguza picha» ni amri, na anayeiona imewashwa atadhani ameamriwa, «Kikomo cha picha» ni jina, hakisemi kimetoka wapi. Mimi ningeandika «Picha zimewekewa kikomo na betri: 30 kwa sekunde». Ni ndefu kwa kitufe, najua, na mtu wa programu atalia nafasi haitoshi. Lakini rafiki yangu angeisoma mara moja tu. Mtenda yumo, sababu imo, namba imo.

Niongeze hili kwa haki, maana wapo watakaotoka hapa kuzima kila kikomo wanachokiona. Baada ya swichi kuzimwa, betri ya rafiki yetu iliyokuwa na zaidi ya nusu iliisha kabla ya mchezo wa pili kwisha, na chini ya kompyuta palikuwa pamoto kama sufuria. Aliyeweka 30 kule kiwandani hakuwa adui. Alikuwa anafikiria mtu aliye ndani ya treni, anayetaka betri imfikishe. Hakumfikiria mtu wa Makiso ambaye betri ndiyo umeme wake wa kila siku. Sasa rafiki yangu ameandika 50 mahali pa 30. Kikomo bado kipo, ila ni chake.

Tulishindwa, 16 kwa 11. Dada yule ndiye aliyempiga risasi ya mwisho rafiki yetu, sekunde chache kabla kompyuta yake haijazimika.

Bareti aliiuza kwa dola 20 kwa kijana mmoja wa Mangobo. Nilikwenda naye kuipeleka. Tulikaa nyuma ya kijana yule tukaitazama namba kwenye pembe ya kioo: 19, 34, 26, 12. Ilipanda na kushuka bila kutulia mahali popote. Ya huyo, kweli, ilikuwa imechoka.