Niulizeni Kazi, Si Kitambaa

Ndugu zangu wa Kakuma, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee kitu tunachonong'onezana tu kwenye foleni ya maji: dini na kazi, kwa sisi mabinti.

Mimi ni mkalimani kliniki na navaa hijabu. Rafiki yangu Mkongomani ni mlokole, havai suruali. Mwingine ni Msabato, Jumamosi hafanyi kazi. Sote watatu tumeshaambiwa kitu kimoja: "Hapa tunahudumia watu wote, dini acheni nyumbani." Mimi niliambiwa kwenye usaili, kabla hata ya kuulizwa najua lugha ngapi.

Hilo la "watu wote" nalikubali kabisa. Kutopendelea ni moja ya kanuni saba za Msalaba Mwekundu zilizotangazwa Vienna mwaka 1965. Lakini kanuni hiyo inahusu anayehudumiwa: asibaguliwe kwa taifa, rangi, dini, tabaka wala siasa. Haisemi kwamba anayehudumu afiche imani yake. Na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa dini na hata wa mavazi. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake. Kimesema mtu, hakikusema raia.

Ilhan Omar aliishi miaka minne kambi ya Utange, karibu na Mombasa. Alipochaguliwa kuingia Bunge la Marekani mwaka 2018, kulikuwa na sheria ya tangu 1837 ya kukataza kofia ukumbini. Januari 2019 sheria ikabadilishwa, akaingia na hijabu yake. Kama bunge limeweza, kliniki ya kambini inashindwa nini?

Sasa upande wetu, dada zangu. Haki hii ina deni. Binti mwenye mimba ambaye hajaolewa, au kijana anayekuja kuchukua dawa za HIV, akiniona na hijabu anaweza kuogopa kwamba nitamhukumu. Ni juu yangu kumtoa hofu hiyo. Ukianza kumpa mawaidha pale, umeharibu kazi. Na ukibeba siri yake mpaka msikitini au kanisani, ukifukuzwa mimi sikutetei.

Wazee wetu wa dini nao, shikamooni. Binti akipata kazi ya shirika, mnasema ameshapotea. Lakini mkeo akishikwa na uchungu usiku, utataka nani amtafsirie? Posho yetu ni ndogo, na bado ndiyo inayonunua sabuni na madaftari nyumbani.

Basi mashirika, tunaomba mambo mawili tu. Kwenye usaili, pimeni kwanza lugha na utunzaji wa siri. Na ratiba ipangwe kwa kuongea, si kwa kutishana. Swala ya adhuhuri inaingia ndani ya mapumziko ya chakula bila shida. Sisi watatu tunabadilishana zamu: Msabato anachukua Jumapili, mimi nashika Krismasi, wao wananishikia Idi. Mpaka leo hakuna siku kliniki yetu ilikosa mkalimani kwa sababu ya dini.