Viti vinaongezeka msikitini: tuitazame sahani yetu

 

Katika toleo hili tumeona tulizungumze jambo ambalo aghalabu hatulizungumzi mpaka mtu awe amekwisha kulazwa. Jambo lenyewe ni chakula tunacholishana, na namna kinavyotuzeesha kabla ya wakati wetu.

Wazazi watakumbuka kwamba zamani msikitini kwetu kiti kilikuwa kimoja tu, na aliyekikalia alikuwa mzee aliyeinama mgongo kwa miaka. Leo viti vya plastiki vimejaa safu nzima ya nyuma. Ukiwatazama wanaoswali juu yake, wengi si vikongwe. Ni baba zetu wa miaka hamsini na kitu, wengine hata hamsini hawajafika. Magoti yamekataa, presha imepanda, kisukari kimeingia. Paji la uso linatamani kugusa mkeka, lakini mwili hauwezi tena.

Miongoni mwao yumo mmoja wa maalim zetu, aliyetusomesha juzuu ya kwanza wengi katika sisi. Alikanyaga msumari asihisi, kwa sababu kisukari kilikuwa kimekwisha kuua mishipa ya fahamu ya nyayo zake. Kidonda kikaoza, na mguu ukakatwa chini ya goti. Tulipokwenda kumtazama tulimwombea dua, tukalia, tukasema ni mitihani ya dunia. Ni kweli ni mitihani. Lakini tulipotoka pale tulijiuliza: ni nani aliyekuwa akimpelekea halua kila khitma? Nani aliyemtilia vijiko vinne vya sukari katika chai, kwa kuona kuwa chai isiyo tamu ni kumvunjia mgeni heshima? Ni sisi. Maalim hakuweza kukataa, maana mtu muungwana hakatai anachokirimiwa. Mapenzi yetu yalikuwa ya kweli, lakini mkono uliompa ulimdhuru.

Kisukari humzeesha mtu vipi?

Tuyaeleze haya kwa lugha nyepesi, ili hata mwanafunzi mdogo afahamu. Tukila wali, mkate, andazi au sukari yenyewe, tumbo huvisaga vikawa sukari nyepesi inayoingia katika damu. Hapo kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie katika chembe za mwili ikawe nguvu. Mtu akinenepa tumbo na akawa hatembei, milango ile huwa mizito kufunguka. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, na baada ya miaka huelemewa. Sukari basi hubaki ikizunguka katika damu.

Sukari hiyo hunatia kwenye protini za mwili kama asali inavyonatia vidoleni. Mishipa ya damu hukakamaa, na ile membamba ndiyo huharibika mwanzo: ya macho, ya figo na ile inayolisha mishipa ya fahamu ya miguu. Mambo haya huja pia kwa uzee wa kawaida, ila kisukari huyaharakisha. Ndiyo maana twasema kwamba mtu wa miaka hamsini anaweza kuwa na mishipa ya mtu wa sabini.

Kipo kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na muda wote huo hubeba sukari iliyozinatia. Kwa hiyo anayejinyima siku moja kabla ya kwenda kupima hamdanganyi daktari, anajidanganya nafsi yake.

Wala tusidhani kwamba msiba huu ni wa mtaa wetu peke yake. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na maradhi haya.

Hesabu ya vijiko

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula, na ikiwa chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama vijiko kumi na viwili vya chai kwa siku, na kilicho bora ni visizidi sita. Na asali ni katika hesabu hiyo hiyo, wala haisamehewi.

Sasa tuhesabu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina vijiko vinane hadi tisa. Mtoto akinywa moja tu, amekwisha kuupita ule mpaka ulio bora wa mtu mzima. Vikombe vitatu vya chai ya vijiko vitatu ni vijiko tisa, kabla hatujagusa mahamri, visheti, kaimati wala ubuyu wa sukari na rangi unaouzwa langoni mwa madrasa yetu. Upande wa chumvi, shirika hilo hilo linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na achari. Chumvi ikizidi hupandisha presha, na presha ndiyo mama wa kiharusi.

Tujifunze kwa watu wa viazi vitamu

Huko Japani kuna visiwa viitwavyo Okinawa, ambavyo watu wake walisifika kwa kuishi miaka mingi na kufika uzeeni wangali wakilima mabustani yao. Wazee wale walikula nini? Zaidi ya nusu ya chakula chao kilikuwa ni viazi vitamu, ambavyo sisi tunavijua sana kwenye futari. Walivila na mboga za majani, vyakula vya soya, na samaki au nyama kidogo. Na walikuwa na msemo unaowakumbusha kuacha kula wanaposhiba sehemu nane katika kumi.

Muislamu akisikia hayo hana budi kukumbuka mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), kwamba mwanadamu hutoshwa na tonge chache za kumsimamisha mgongo, na akiwa hana budi kuzidisha, basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Na Qur'an, katika Suratul Aaraf, imeturuhusu kula na kunywa ikatukataza israfu. Mafundisho haya tunayahifadhi kwa moyo, tunayasoma vizuri kwa tajwidi, kisha siku ya walima tunapakua sinia la biriani mpaka mtu anashindwa kuinuka.

Lakini habari ya Okinawa haikuishia hapo. Baada ya vita vya 1945 visiwa vile vilikaa chini ya Marekani hadi mwaka 1972, vikaja vyakula vya kukaanga, nyama za kopo na magari ya kila safari. Wazee waliendelea na viazi vyao, vijana wakafuata vipya. Katika takwimu za mwaka 2000 wanaume wa Okinawa walishuka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa urefu wa umri. Damu ni ile ile na visiwa ni vile vile, kilichobadilika ni maisha na sahani. Na sisi tujiulize: bibi zetu waliokula muhogo, mtama, kunde, matembele na dagaa, na wajukuu wao wanaokula chipsi na soda, nani atafika mbali?

Majibu ya wanaopinga

Wako watakaosema: umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na ajali haisogezwi kwa mchicha. Hilo ni itikadi yetu wala hatulitilii shaka. Ila sisi tumeamrishwa pia kumfunga ngamia ndipo tutawakali. Hatujui tutaishi miaka mingapi, lakini tutaulizwa juu ya mwili tulioazimwa na tulivyoutumia. Na sababu zina athari kwa idhini Yake. Katika mji wa Da Qing, nchini China, kuanzia mwaka 1986 watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda waligawanywa, baadhi yao wakafundishwa kurekebisha chakula, au mazoezi, au vyote viwili, kwa miaka sita. Walipofuatiliwa kwa miaka 30, ilionekana kuwa waliofundishwa walicheleweshewa kisukari kwa karibu miaka minne, wakapata pungufu maradhi ya moyo na ya macho, na wastani wa umri wao ukawa mrefu zaidi. Miaka minne ya kusujudu bila kiti si kitu kidogo.

Wengine watasema: masikini hachagui. Neno hili lina ukweli, na tusilipite juu juu. Unga mweupe na mafuta hushibisha kwa bei ndogo, na mama mwenye watoto sita hana nafasi ya kuchagua kama mwenye duka. Lakini soda haikupata kuwa ya lazima. Matembele, mlenda, kunde, choroko, dagaa na mapera ni vyakula vya bei ya chini vilivyobaki kudharauliwa kwa sababu tumeviita vya kimasikini. Kitambi tumekiita neema, na aliyepungua tukamwuliza kama anaumwa.

Tusiwasahau wakongwe wetu

Kuna kosa la pili, ambalo ni kinyume cha la kwanza. Babu au bibi akiisha meno, tunamwachia chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni, tukaona tumemtunza. Mwili unapozeeka misuli hupungua mwaka baada ya mwaka, na zaidi baada ya miaka sitini. Asiyepata protini ya kutosha hudhoofika haraka, akianguka huvunjika nyonga, na wengi hawainuki tena. Mpondeeni kunde au mbaazi, mchambulieni samaki, mpeni yai na maziwa ya mtindi, na mshikeni mkono atembee uani. Huo ndio wema kwa wazee, na chai peke yake haitoshi.

Nanyi wanafunzi msidhani kwamba habari hii ni ya watu wazima. Mifupa hujengwa utotoni na ujanani, na ikifika miaka thelathini hivi ujenzi umekwisha, kinachobaki ni kutumia akiba. Dagaa mnaowala na mifupa yao, maziwa, na michezo ya kukimbia ndiyo akiba yenyewe. Samaki mkunje angali mbichi.

Tunachopendekeza

Kwanza, katika hafla zote za madrasa chai itolewe bila sukari, na sukari iwekwe pembeni, kila mtu ajitilie kwa mkono wake. Pili, khitma na Maulidi yawe na sinia la matunda ya msimu, maembe, mapapai, machungwa, na halua iwe ya kuonja. Tatu, mama zetu wanaouza langoni tusiwafukuze, kwani wanasomesha watoto kwa biashara hiyo. Tukae nao, tuwaombe wauze pia karanga za kuchemsha, muhogo wa kuchoma, matango na madafu, na sisi wazazi tuwaunge mkono kwa kununua. Nne, siku ya mahafali tualike wahudumu wa afya wapime presha na sukari kwa kila aliyepita miaka arobaini. Tano, Ramadhani tufuturu kwa tende na maji, na vya kukaanga visitawale meza. Mgonjwa wa kisukari aonane na daktari na shekhe kabla ya mwezi kuandama, maana dini yetu imempa mgonjwa ruhusa na haikumtaka ajiangamize.

Tahadhari moja tuitoe kwa msisitizo: chakula bora hakichukui nafasi ya dawa. Aliyeandikiwa vidonge au sindano ya insulini asiache kwa kuambiwa na jirani kwamba habasoda au asali inatosha. Wapo waliozikwa kwa ushauri wa namna hiyo.

Maalim wetu anaendelea kusomesha, ameketi, mguu mmoja umekunjwa na mahali pa wa pili shuka limelala. Juzi wanafunzi walimpelekea zawadi. Alifunua kawa kwa hofu, akakuta mapapai. Alicheka mpaka tukacheka sote. Akasema laiti tungeanza zamani.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuzeeke tukiwa na nguvu ya kurukuu na kusujudu. Amin. Wabillahi tawfiq.