"Umepotea" Sio Kosa la Tafsiri

Hakuna mtu Nyamache aliyewahi kumwambia mfiwa "Samahani kwa hasara yako." Hakuna wa Kisii mjini, hakuna wa Mombasa, hakuna wa Kigoma. Hasara ni ya biashara. Umenunua ndizi kwa elfu mbili, ukauza kwa elfu moja mia tano, hiyo ndiyo hasara. Mtu akifiwa tunamwambia pole, na mara nyingi tunasema poleni, kwa wingi, hata akiwa amesimama peke yake, kwa sababu msiba ni wa boma zima. Na bado sentensi hiyo nimeiona chini ya filamu, mwanamke Mmarekani amesimama kando ya jeneza la mumewe. Aliyeitafsiri alilipwa. Aliyeikagua alilipwa pia.

Mimi nafanya vibarua vya kutafsiri mtandaoni, nikiwa hapa hapa Nyamache. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, na tangu hapo Kiingereza cha watu wengine ndicho kinachoninunulia bando. Kinachonijia ni maandishi ya filamu, jumbe za programu za simu na hojaji za watafiti. Kazi yenyewe naipenda. Kinachonichosha ni imani moja ambayo wateja wa ng'ambo na walinzi wa Kiswahili hapa nyumbani wameishikilia kwa pamoja bila kujuana: kwamba tafsiri salama ni ile inayofuata maneno.

Kwa mkataba na kwa kitabu cha sayansi, sawa. Kwa maongezi ya kawaida, hapana. Maongezi hutafsiriwa kwa kufuata tukio. Nani anamwambia nani, wako wapi, na anataka nini kitokee? Ukikosa kujibu hayo matatu, utaandika Kiswahili ambacho hakina kosa hata moja la sarufi na ambacho hakuna binadamu anayekiongea.

Chukua "I'm good." Mgeni anaongezwa chakula, anasema hivyo akisukuma sahani. Tafsiri ya maneno itakupa "Mimi ni mzuri." Sasa mtu mzima amekataa ugali kwa kujisifu sura. Nyumbani tunasema "Nimeshiba" au "Niko sawa, asante." Chukua "Get out of here!", anayoisema rafiki aliyesikia habari asiyoiamini. Ukiandika "Toka hapa!" umeanzisha vita. Kiswahili kina "Acha zako!", kina "Wacha!", kina "Usiniambie!" Chukua "We should hang out sometime." Kila mtu anajua hiyo si ahadi. Kwetu inaitwa "Nitakutafuta," na kila anayeambiwa hivyo anajua hatatafutwa.

Halafu kuna mama na mtoto. Katika filamu za Marekani simu haikatwi bila "Love you, Mom." Andika "Nakupenda, Mama" na mama wengi wa hapa wataulizana mtoto ana shida gani, amelazwa wapi. Upendo huo huo upo, lakini unapita mlango mwingine: "Umekula?" "Haya mama, lala salama." "Ukifika unipigie." Mtafsiri aliyeandika "Haya mama, tutaongea" hajapunguza upendo. Ameuweka mahali unapokaa.

Watu wakisikia lugha ya kawaida hudhani nataka kumwaga Sheng kila mahali. Sitaki. Ukawaida wa Kiswahili haukai kwenye misimu. Unakaa kwenye maneno madogo ambayo mwalimu wa insha aliyapigia mstari mwekundu: si, kwani, basi, hebu, tu, ati, nawe, haya. Kiingereza kikisema "Why don't you come in?" hakiulizi sababu. Kinasema "Si uingie." "I told you so" ni "Si nilikuambia?" "Are you seriously asleep?" ni "Kwani umelala?" "Suit yourself" ni "Shauri yako." "Look who's talking" ni "Wewe nawe!" Hakuna Sheng hapo. Bibi wa Lamu ataelewa, mwanafunzi wa Mwanza ataelewa, dereva wa Probox hapa steji ataelewa. Ni Kiswahili kizima chenye mdomo.

Basi kwa nini hakiandikwi? Wacha nieleze jinsi kazi inavyokaguliwa, maana wengi hawajui. Mimi natoa Kiingereza, naleta Kiswahili. Mtu wa pili, ambaye haruhusiwi kuona Kiingereza cha kwanza, anarudisha Kiswahili changu kuwa Kiingereza. Wa tatu anaweka matoleo mawili ya Kiingereza kando kwa kando. Yasipofanana, kosa ni langu. Kwa dawa nauunga mkono utaratibu huu kwa mikono miwili. "Mara mbili kwa siku" ikirudi kama "kwa siku mbili", mtu anaweza kufa.

Lakini upitishe maongezi kwenye mashine hiyo uone. "Long time no see" nimeandika "Umepotea!", kwa sababu ndivyo tunavyomwambia mtu ambaye hatujamwona tangu Krismasi. Inarudi "You are lost." Kosa. "Shauri yako" inarudi kama habari ya ushauri. Kosa. "Nimeshiba" inarudi "I am full." Kosa la tatu. Na nini kinafaulu? "Mimi ni mzuri" inafaulu kwa alama zote. Umeona? Kipimo kinampa tuzo aliyekosea na kumkata pesa aliyepatia. Anayekagua hajawahi kuulizwa kama kuna mtu yeyote duniani anayeongea hivyo.

Na malipo nayo yanasukuma upande ule ule. Tunalipwa kwa hesabu ya maneno ya Kiingereza. "Come on" ni maneno mawili, na "the table" ni maneno mawili. "Meza" inachukua sekunde. "Come on" lazima utazame filamu. Anambembeleza? Anamharakisha? Hamwamini? Anashangilia timu? Inaweza kuwa "tafadhali bwana", "twende", "acha hizo" au "songa, songa!" Unaweza kukaa nayo dakika ishirini kwa pesa ya meza. Ndiyo maana kuna watafsiri wanaoandika "Njoo" na kusonga mbele, na siwalaumu wao kwanza.

Unaweza kusema ni filamu tu, nani ataumia. Haya, nikupe isiyo filamu. Niliwahi kupewa jumbe za programu ya simu ya kuongea na vijana wenye msongo wa mawazo. Kiingereza chake kilikuwa cha kirafiki: "Hey, rough day? Feel free to share." Nikaandika: "Vipi, leo imekuwa ngumu? Tuambie tu." Ikarudi imesahihishwa, na ndivyo ilivyokwenda kwa watu: "Hujambo. Je, umekuwa na siku mbaya? Jisikie huru kushiriki."

Soma hiyo ukiwa msichana wa miaka kumi na sita, saa tano usiku, simu imepunguzwa mwanga chini ya blanketi. "Hujambo" na "je" ni sauti ya karatasi ya mtihani. "Kushiriki" ni kushiriki nini? Mashindano? Kiswahili kinashiriki jambo. Siri na uchungu tunavisimulia, tunavitoa, tunaviambia mtu. "Jisikie huru" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Aliyeandikiwa hivyo anamsikia mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu ndiye mtu wa mwisho anayetaka kumwambia. Anafunga simu. Hakuna hojaji itakayomfikia kumuuliza kwa nini. Ripoti itaandika kwamba vijana hawakuitikia.

Wanaojua faida ya sikio letu ni wanaotaka pesa zetu. Safaricom haikuita mkopo wake wa kupiga simu "Huduma ya Mkopo wa Muda wa Maongezi." Iliuita Okoa Jahazi. Nyamache hakuna bahari, na sijawahi kusikia mtu hapa akiuliza jahazi ni nini. Kumtumia mwenzako salio wakaita Sambaza. Mwaka 2019 ilipokuja huduma ya kukopa pale pesa za M-Pesa zinapopungua, wakaiita Fuliza, na leo "nimefuliza" ni kitenzi cha kila boma. Hayo yote ni Kiswahili cha kamusi kabisa. Tofauti ni kwamba aliyeyachagua alimfikiria mtu aliyesimama dukani bila salio. Kama lugha hii inatosha kutukopesha, inatosha pia kutufariji.

Na si kampuni za simu tu. Mwaka 2011 televisheni ya TBC kule Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Jina lake la Kichina linahusu enzi njema za mke wa mwana. Kwa Kiswahili ikaitwa Doudou na Mama Wakwe Zake. Mtu alielewa kwamba huku kwetu hadithi ya ndoa ikitajwa, sikio linatega kwa mama mkwe. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja. Na kabla ya hapo, na baada yake, kuna vibanda vya video. DJ Afro amewasimulia Wakenya filamu za mapigano miaka na miaka, kama Lufufu alivyowasimulia watu wa Dar. Ndiyo, anaongeza chumvi, na maandishi ya chini ya filamu hayawezi kuongeza kiasi hicho. Lakini hajawahi kumfanya staringi aongee kama barua ya mkuu wa shule. Ana sikio, na sikio ndilo ninalolidai.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni kwamba tunaharibu Kiswahili sanifu. Usanifu huo una historia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930, kazi yake kubwa ikiwa vitabu vya shule na tahajia moja kwa nchi kadhaa. Ilikuwa kazi ya maana, nami naandika kwa matunda yake sasa hivi. Lakini Kiunguja chenyewe kilikuwa maongezi ya watu. Kilipiga soga barazani, kikabembeleza, kikatania. Ukichukua sarufi ya watu hao ukaacha utani wao, usiseme unawalinda.

La pili ni la adabu: kwamba ukawaida ni utovu wa heshima. Ni kinyume. Kwa Abagusii kuna chinsoni, kanuni za nani anaweza kusema nini mbele ya nani, na mtu aliyelelewa nazo hawezi kutafsiri bila kuuliza anayeongea ni nani. Kijana katika filamu anamwita jirani mzee "Bob." Nikiacha "Bob, vipi?" nimemfanya mhuni, na katika hadithi yeye ni mtoto mwema. Nitaandika "Mzee, habari yako?" Anayefuata maneno ndiye anayevunja heshima bila kujua.

La tatu halisemwi kwa sauti, ila nimelisikia: Mkisii ndiye atatufundisha Kiswahili? Lafudhi yetu ni kichekesho cha televisheni, najua. Lakini fikiria tunavyoishi. Asubuhi nimesalimiwa "Bwakire buya," maneno yanayosema kumekucha vizuri, na nikigeukia kondakta nasema "Habari ya asubuhi." Sijamtafsiria mapambazuko. Dukani risiti ni ya Kiingereza, na ukienda upande wa Transmara, Kiswahili ndicho kinachotuuzia na kutununulia na Wamaasai. Mtu wa huku amevuka lugha tatu kabla ya chai ya saa nne. Kutafsiri tukio tumeanza kabla ya kwenda shule. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na taifa hilo halikuishia Pwani.

Kwa hiyo nina madai mawili tu. Mteja, kwa maongezi acha kurudisha tafsiri kinyumenyume. Pesa unazomlipa mtu wa pili na wa tatu, walipe vijana watatu wa umri wa wasomaji wako, wasome kwa sauti, na uwaulize swali moja: nani anaongea hivi? Wakijibu "mwalimu" au "pasta", na anayeongea ni rafiki, rudisha kazi. Na wewe mwenzangu unayelipwa kwa neno, kabla ya kutuma faili, mtafute mtu aliye karibu, hata kama ni wa boda boda anayesubiri abiria, umsomee mstari wa jeneza. Akisema "pole yake," tuma. Akicheka, anza upya.