Redio ya gari ikikataa simu, haijafa: imejaa majina ya watu

Kunako garaji za Beni na Butembo, lalamiko moja linarudi kila juma: redio ya gari imekataa simu. Jana ilikubali, leo haitaki. Shofere anabonyeza, kioo kinaandika maneno ya Kijapani, kisha kimya. Wengi huishia kumlipa mtu afungue dashibodi na kuweka redio nyingine ya bei rahisi, ambayo nayo baada ya miezi michache inaanza mchezo uleule. Ni hasara ya bure. Mara nyingi redio ile ya kwanza haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imejaa simu za watu, basi.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mafundi peke yao. Redio iliyojaa simu za watu imejaa pia majina yao na namba za ndugu zao. Katika mkoa ambamo familia nyingi zimeacha vijiji na kusafiri kwa taxi na magari ya kukodi, namba hizo hazifai kuachwa ovyo ndani ya gari ambalo kesho litakuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Ili kuelewa, inafaa kuanzia mahali magari yanapotoka. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Beni, Butembo na Bunia yalitumika kwanza Japani. Yanashushwa bandarini Mombasa, yanapita Uganda, yanaingia Congo kwa mpaka wa Kasindi, usukani ukiwa kuume katika nchi ambako magari nayo hupita kuume. Redio zake zilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani. Huko FM inaanzia 76 na kwa redio nyingi za zamani inaishia 90, wakati stesheni za Congo ziko kati ya 87,5 na 108. Shofere anazungusha kitufe mpaka mwisho bila kupata stesheni anayoisikiliza nyumbani. Ndiyo maana simu imekuwa redio ya gari. Habari za barabara, habari za usalama, muziki, vyote vinatoka kwenye simu na kupita Bluetooth. Njia hiyo ikikatika, gari zima linasafiri bila kujua kinachosemwa juu ya barabara iliyo mbele yake.

Sasa, Bluetooth inafanya kazi kwa kukumbuka. Simu na gari vikikubaliana mara moja, kila upande unaandika jina la mwenzake na kuweka namba ya siri ambayo watatambuana nayo siku nyingine. Lakini daftari la gari ni dogo. Redio nyingi zina nafasi ya simu tano hivi, nyingine hufika kumi. Gari la taxi linajaza nafasi hizo kwa mwezi mmoja: simu ya shofere, simu ya konveya, simu ya patron, simu ya kijana aliyekuwa na muziki mzuri siku ya arusi, simu ya mteja mmoja ambaye hakuonekana tena. Daftari likijaa, redio nyingine hukataa simu mpya bila kueleza, au hueleza kwa Kijapani, ambayo kwa wengi ni kitu kimoja.

Kuna namna nyingine ya kugombana. Shofere amepata simu mpya, ameweka SIM yake ya zamani, anashangaa gari halimtambui. Gari halijui SIM. Linajua simu yenyewe. Au amefuta gari kwenye simu lakini gari bado limeandika simu ile. Upande mmoja unadhani ndoa ingalipo, mwingine umekwisha kuivunja, na wakikutana hawaelewani tena. Au tena simu ya konveya iko mfukoni, imo juu kwenye orodha ya gari, na kila gari likiwashwa inakamatwa yenyewe kabla ya simu ya shofere. Watu wanasema redio ina mapepo.

Dawa ni ileile kwa karibu yote hayo: kufuta pande mbili. Gari likiwa limesimama, shofere afungue simu yake, aingie kwenye Bluetooth, atafute jina la gari, na kubonyeza neno ambalo simu zilizowekwa Kifaransa huandika «Oublier» au «Dissocier». Kisha afungue orodha ya gari na kufuta simu zote, yake ikiwamo. Azime simu na kuiwasha. Azime gari na kuliwasha. Ndipo aunganishe upya kama vile vitu viwili havijawahi kuonana. Redio ikidai namba ya siri, katika redio za zamani mara nyingi ni 0000 au 1234. Anayefuta upande mmoja peke yake atarudi garaji kesho.

Kijapani ndicho kinachotisha wengi, na bila sababu kubwa. Hakuna haja ya kujifunza lugha. Alama mbili 設定 maana yake ni mpangilio. 削除 ni kufuta. 電話帳 ni kitabu cha majina ya simu. 初期化 ni kurudisha kila kitu mwanzo, nayo isibonyezwe kwa haraka, kwa sababu inafagia yote. Shofere anaweza kuchora alama hizo nne kwenye karatasi na kuibandika chini ya kioo cha jua. Na simu inayotafsiri kwa kamera hufanya kazi hata pasipo mtandao, ikiwa lugha ya Kijapani ilipakuliwa mapema mjini kabla ya kuingia porini.

Jambo moja mafundi waliache: kuchomoa batri ya gari «ili redio isahau». Kwa kawaida haisahau chochote. Na katika magari kadhaa ya Toyota yaliyotoka Japani na redio yenye ramani, umeme ukikatika mashine inaamka ikidai kadi ya SD ya ramani au namba ya kufungulia. Kadi ile ilibaki Japani au iliibwa njiani. Redio iliyokuwa inakataa simu moja sasa inakataa kila kitu.

Simu ikipokea miito lakini haitoi muziki, si kwamba Bluetooth imeharibika nusu. Miito na muziki hupita milango miwili tofauti, na kwenye simu kila mlango una alama yake ya kuwasha na kuzima. Inatosha kuangalia. Ila redio kadhaa za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya miito tu. Hizo hazitaimba hata fundi aombewe. Kwa waya wa USB, mwenye kosa mara nyingi ni waya wenyewe. Waya kamili una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za kupitisha habari; nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa kando ya barabara zina zile mbili za umeme tu. Simu inajaa chaji, redio haioni kitu. Na vumbi la barabara hushindiliwa ndani ya tundu la simu mpaka waya hauingii vizuri. Kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa, na mkono mwepesi.

Wale wenye kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha sauti kwa FM, wakumbuke hesabu ya Japani: kifaa kinarusha kati ya 87,5 na 108, redio inasikia mpaka 90. Nafasi ya kukutana ni ndogo sana, na mjini inaweza kuwa tayari imekaliwa na stesheni. Kubadilisha kifaa mara tatu hakutaongeza nafasi hiyo.

Hayo ni ya sauti. Ya majina ni mazito zaidi, na madereva wengi hawayazungumzi.

Simu inapounganishwa na gari mara ya kwanza, huuliza swali moja ambalo karibu kila mtu hulipita bila kusoma: je, gari liruhusiwe kuchukua majina na orodha ya miito? Kisanduku kikiachwa na alama, kitabu chote cha majina kinanakiliwa ndani ya redio. Redio nyingine huyaonyesha kwa yeyote anayekaa mbele ya kioo. Nyingine huyaficha mpaka simu irudi, lakini zimeyaweka. Kwenye iPhone swali hilo liko ndani ya jina la gari, penye ruhusa ya kulinganisha majina. Kukataa hakuzuii kitu kinachohitajika: mtu bado atapokea miito, bado atasikiliza muziki. Atakosa tu kuona jina la anayepiga kwenye kioo cha gari, na hilo ni hasara ndogo kuliko zote.

Familia iliyohama mara nyingi ina simu moja kwa watu wanane. Ndani yake kuna namba ya baba aliyebaki kulinda shamba, ya mtoto aliyepelekwa kwa shangazi, ya chifu, ya mwenye nyumba iliyowapokea. Shofere mwema anasema, «Mama, weka simu yako kwenye redio, tusikilize kidogo muziki wa kwenu.» Anasema kwa upendo. Mama anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Anashuka. Majina yake yanaendelea na safari. Gari linaweza kuazimwa, kuuzwa, kukamatwa kwenye barieri, kuibwa. Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini na Ituri hawahitaji kuelezwa kile mtu mbaya anaweza kufanya na orodha iliyoandikwa «Papa», «Kaka Mkubwa», «Mwenye nyumba». Matapeli wanaopiga simu kudai pesa za M-Pesa au Airtel Money kwa ajili ya mtoto aliye «hospitalini» wanahitaji jina moja la kweli tu ili waaminiwe.

Madereva hujibu kwamba hayo ni kutia watu woga, kwamba abiria wenyewe ndio wanaoomba kuweka muziki, na kwamba hakuna mtu mwenye muda wa kusoma namba za wengine. Kwa walio wengi ni kweli. Lakini shofere hajui gari lake litakuwa la nani mwaka ujao. Na abiria akitaka muziki wake usikike, simu ya shofere inaweza kupokea wimbo ule na kuupiga. Au waya wa kawaida wa sauti, ule wa tundu la duara, ambao hauchukui jina la mtu yeyote.

Kuna hili pia, nalo linaumiza kwa namna yake. Simu iliyokwisha kuzoea gari hujishika yenyewe kila gari likiwa karibu, hata mita kumi. Mama anapokea mwito kando ya barabara, anasema «alo, alo», hasikii kitu. Sauti ya mumewe inatoka ndani ya taxi iliyoegeshwa pale, mbele ya watu asiowajua, ikisema wamelala wapi na wanaondoka saa ngapi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao hufanya vivyo hivyo. Simu «isiyosikika» ambayo watu hupeleka kwa fundi, mara nyingine ni Bluetooth iliyoachwa wazi tu. Kuizima kunachukua sekunde mbili, na kunapunguza hata ulaji wa batri, jambo ambalo katika kambi isiyo na umeme lina thamani yake.

Chaji yenyewe iangaliwe. Abiria wengi hutumia safari kujaza simu, na hakuna wa kuwalaumu. Ila tundu la USB lililo kwenye redio linapitisha umeme na habari pamoja, na redio za kisasa hujaribu mara moja kufanya urafiki na simu. Kichajio cha kwenye tundu la sigara kinatoa umeme peke yake. Shofere anayetaka kusaidia awe nacho. Bei yake haifiki ile ya kufungua dashibodi.

Wafanyabiashara wanaoingiza magari kwa Kasindi hubadilisha matairi, hupiga rangi, huosha injini kabla ya kuuza. Kufuta orodha ya simu ni kazi ya dakika tano, na anayeifanya angempa mteja redio inayopokea simu siku ya kwanza. ACCO, ambayo ni chama cha madereva, hukutana na wanachama wake kwa mambo ya bei, ya vizuizi na ya usalama wa barabara; ingeweza kuongeza jambo hili bila kutumia franka moja: kwamba simu ya abiria haiandikwi ndani ya redio ya taxi, na kwamba kila mwisho wa juma orodha inafutwa abaki shofere peke yake. Na uunganishaji ufanyike kituoni. Kati ya Beni na Butembo, shofere mwenye usukani wa kuume tayari hutegemea jirani yake amwambie kama lori linakuja pale anapotaka kupita lingine. Akiinamia kioo kutafuta simu yake, jirani huyo anatazama naye kioo, na barabara haina anayeitazama.

Kwa anayeuza gari lake majuma haya, utaratibu ni huu: 設定, kisha simu zote, 削除, kisha 電話帳 kuhakikisha ni tupu. Mnunuzi naye, kabla ya kuhesabu pesa, aombe kuonyeshwa ukurasa huo.