Tobruk Ilivyomponza Rommel

Tobruk, bandari ya Libya iliyoshikwa na Waingereza, ilipoanguka tarehe 21 Juni 1942, jemadari wa Kijerumani Erwin Rommel aliteka askari zaidi ya 30,000 pamoja na malori, chakula na shehena ya petroli. Hitler akampandisha cheo kuwa fildimashali. Kwa maoni yetu, kushindwa kwake kulianzia hapo.

Mpango wa Wajerumani na Waitalia ulikuwa jeshi lipumzike mpakani mwa Misri, kwanza itekwe Malta, kisiwa cha Waingereza, maana ndege na nyambizi za kisiwa hicho zilikuwa zikizamisha meli zao za mafuta. Kesselring, mkuu wa majeshi ya Ujerumani upande wa kusini, aliushikilia mpango huo. Rommel akaomba asonge mbele kuingia Misri. Hitler akaridhia. Mussolini naye akaridhia, hata akaja Libya mwishoni mwa Juni akitarajia kuingia Cairo.

Masimulizi ya majemadari huishia kwenye ushujaa. Sisi tunamsihi msomaji alitazame lori. Kutoka bandari ya Tripoli, Libya, hadi El Alamein, Misri, ni karibu kilomita 2,000. Barabara ni moja, ya pwani, ndege za Waingereza ziko juu, na vumbi linasaga injini. Lori hilo linakunywa petroli njia nzima ili lifikishe petroli, kisha linatakiwa lirudi. Kila Rommel alipoteka kipande kingine cha ardhi, safari hiyo ilirefuka kwake na kufupika kwa Waingereza, ambao bandari yao ya Alexandria ilikuwa kilomita 100 hivi nyuma yao.

Tarehe 1 Julai alishambulia El Alamein akiwa na vifaru vya Kijerumani 50 hivi na askari waliochoka hoi. Kaskazini bahari, kusini bonde la Qattara, lenye chumvi na mchanga laini usiopitika kwa kifaru. Desturi yake ya kuzunguka ubavuni kupitia jangwani ikakosa njia. Auchinleck, jemadari wa Waingereza, akamzuia.

Waingereza nao yaliwahi kuwakuta hayo. Walifika El Agheila, Libya, mapema 1941, wakafika tena Januari 1942, na mara zote mbili wakarudishwa nyuma wakiwa mbali na bohari zao, ingawa mara ya kwanza sehemu ya jeshi lao ilikuwa imepelekwa Ugiriki.

Kwa hiyo hatukubali kwamba jangwa ndilo lililomshinda Rommel. Umbali ulijulikana, hesabu za mafuta zilikuwepo, na Kesselring alimpinga kabla hajavuka mpaka. Walioidhinisha safari ile wanastahili lawama pamoja naye.