Migahawa ya Savage: Tusisubiri gonjwa jingine

Machi 17, 2020, saa kumi na moja jioni, migahawa na baa zote za jimbo la Minnesota zilifungiwa wateja wa kukaa, kwa amri ya Gavana Tim Walz. Kilichoruhusiwa ni chakula cha kubeba na cha kupelekwa majumbani. Mji wa Savage, ulio kusini mwa Minneapolis kando ya mto Minnesota, haukusalimika. Novemba 20 mwaka huo huo kumbi za ndani zikafungwa tena, hadi Januari 11, 2021.

Ndugu msomaji, habari hii inatuhusu. Wengi wetu tulioko Marekani tulianzia jikoni: kuosha vyombo, kukaanga viazi, kufuta meza. Na fedha hizo ndizo zilizolipa ada za wadogo zetu nyumbani.

Walioumia ni wawili. Wa kwanza ni mfanyakazi. Serikali kuu iliongeza dola 600 kwa wiki juu ya fidia ya kukosa kazi, lakini nyongeza hiyo ilikoma mwishoni mwa Julai 2020, na asiye na kibali cha kazi hakuruhusiwa kuipata.

Wa pili ni mwenye mgahawa wa jina la kukodi. Watu huona jina kubwa ukutani wakadhani ndani yupo tajiri. Kumbe mara nyingi ni familia iliyokopa benki, ikalipia leseni ya jina, na kila mwezi inaipa kampuni mama asilimia ya mauzo. Nasema mauzo, si faida. Akipata hasara, asilimia ile anadaiwa vile vile.

Msaada ulikuja, ila haukutosha. Mfuko wa kufufua migahawa wa mwaka 2021 ulikuwa na dola bilioni 28.6. Walioomba walizidi 278,000, waliopata ni takriban 101,000. Mei 2022 Baraza la Seneti likakwamisha muswada wa kuuongezea fedha.

Lakini kwa maoni yangu, somo kubwa si la mikopo wala ruzuku. Ni siku ya ugonjwa yenye malipo. Mpishi mwenye homa asiyelipwa akilala nyumbani atakwenda kazini, kwa sababu mwenye nyumba anataka kodi yake. Hapo ataambukiza wenzake, wateja, na bosi pia. Mchuma janga hula na wa kwao.

Tazameni hali ilivyokuwa. Jiji la Minneapolis lilikuwa na sheria ya siku hizo tangu Julai 2017. Gonjwa lilipoingia, mpishi wa Savage hakuwa na sheria kama hiyo ya mji wake. Sheria ya dharura ya serikali kuu ya mwaka 2020 iliwabana waajiri wenye wafanyakazi chini ya 500 tu, tena ikaisha Desemba 31. Yaani kampuni kubwa kabisa ziliachwa nje, wakati mwenye mgahawa mmoja aliambiwa alipe kwanza, kisha arudishiwe kupitia kodi.

Leo kuna nafuu. Tangu Januari 1, 2024, jimbo zima lina sheria hiyo: kila saa 30 za kazi unapata saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, hadi saa 48 kwa mwaka. Kibarua wa saa chache naye yumo, na haulizwi karatasi za uhamiaji. Wangapi kati yetu wanajua? Tuambizane misikitini, makanisani na kwenye sherehe zetu.

Kilichobaki ni upande wa mwenye leseni. Mkataba wa jina uwe na kifungu kinachosema wazi kwamba serikali ikifunga milango kwa ajili ya afya ya umma, asilimia ya kampuni mama isimame. Wenzetu wanaotaka kununua leseni wadai kifungu hicho kabla ya kutia saini.

Na nyumbani tujiulize. Kenya nayo mwezi huo huo wa Machi 2020 iliamuru migahawa iuze chakula cha kubeba tu. Mama lishe wa Dar es Salaam au Mombasa akiugua leo, nani humlipa ili asishike mwiko? Kumtaka anawe mikono ni vizuri. Kumwezesha kulala nyumbani anapoumwa bila watoto kulala njaa, hiyo ndiyo kinga yenyewe.