Fundi, usifunge kiti kwenye bati tupu

Huku kwetu, tangu barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui itiwe lami, naona vijana wakizitia Subaru zao viti vya rali na mikanda ya pointi nne, na roho yangu haitulii.

Sakafu ya gari ni bati jembamba. Ukifunga boliti kwa washa ndogo peke yake, gari likigonga, boliti inang'oka na kipande cha bati. Weka bamba la chuma chini ya sakafu, na boliti ziwe zile zenye alama ya 8.8 kichwani, si laini za kufungia mageti.

Mikanda ya mabega ndiyo inayoniogopesha zaidi. Ikishuka wima nyuma ya kiti hadi sakafuni, siku ya ajali inayavuta mabega chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Inatakiwa iende nyuma, karibu usawa wa mabega, ifungwe kwenye bomba la keji, yaani fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari. Mkanda wa kiunoni ulalie mifupa ya nyonga, usipande tumboni.

Na kama hakuna keji? Gari likibingirika paa linabonyea, nawe umefungwa wima, huwezi kuinama. Gari la kwenda sokoni mjini Wote libaki na mkanda wake wa kiwandani.

Ndugu zangu wenye gereji Kitui na Makueni, mteja akitaka mikanda ya pointi nne bila keji, mkatalieni, hata akiongeza pesa.